Vyuma Vinne Juu ya Meza Yako

Furaha, mwanangu,

Ni saa kumi za alasiri. Wewe uko Kasungami kwa shangazi yako, unasukwa nywele za safari. Mama yako anakunja vitambaa vyako sandukuni, anavikunjua, anavikunja tena. Mimi nimejifungia katika atelie, karakana yangu nyuma ya nyumba, karatasi iko juu ya benchi ambayo ulifundishwa kusomea vipimo kabla hujafundishwa kusoma maneno. Utaikuta barua hii juu ya mto wako. Ukimaliza kuisoma utakuja kwangu na hasira. Njoo. Nitakuwa nimekaa.

Habari za chandarua, dawa na namna ya kufunga mlango mama yako amezimaliza. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema mara tatu wiki hii. Jumanne tulipokuwa mezani nilifungua kinywa, ukaniuliza kama ninataka chumvi. Nikasema ndiyo, ninataka chumvi.

Jambo lenyewe ni hili. Dari ya mbao ya kuwekea mizigo, iliyo juu ya meza yako mpya katika depo ya Kipushi, ghala utakapoanza kazi kesho, inaning'inia kwa vyuma vinne. Vyuma hivyo nilivitengeneza mimi, na vina kosa. Vinne vingine vya namna hiyohiyo vilikuwa katika depo moja hapa Bel-Air. Kimoja kilikatika, kikaua mtu.

Sasa unajua. Yaliyobaki ni kukueleza kosa lilivyokuwa, kwa sababu kesho utaliangalia kwa macho yako, na ninataka ulitambue.

Unajua nilifikaje Lubumbashi: vita nyuma yangu, begi moja, na kisu cha mashine ya kukereza nimekifunga ndani ya soksi. Huko Kivu nilikuwa na nyumba, na atelie ya baba, na jina. Hapa nilikuwa mtu wa Kivu tu, mmoja kati ya wengi. Kitu pekee ambacho hakikubaki nyuma ni mkono wangu, na nikautunza mkono huo kwa majivuno ambayo leo yananitia baridi.

Kule nilikojifunza kazi, fundi alijulikana kwa kona yake. Ukikereza chuma kinene ili ncha yake iwe nyembamba, mahali unene unapoishia panabaki bega. Mzee aliyenifundisha alitaka bega hilo likatwe kali kabisa, kama kona ya sanduku. Kona iliyobaki mviringo aliiita kona ya mvivu: kisu hakikunolewa, au fundi alikuwa na haraka ya kwenda kula. Tulipimana kwa kona. Tulizipitisha kucha ndani yake, na kucha isipokwama, tulicheka.

Hapa nilipata kazi kando ya Mzee Kasongo, mwenyeji wa Kipushi, aliyekereza vyuma vya mgodini tangu ujana wake hadi kifua kikamkataza. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine. Mimi nilikuwa na kisu. Siku ile tajiri Muhindo aliponiletea kazi ya vyuma vinane, vinne vya depo yake ya hapa na vinne vya depo ya mdogo wake Kipushi, Mzee Kasongo alisimama nyuma yangu akitazama.

"Weye mutu ya Kivu," akasema, "hii kona unaikata sawa vile kisu inakata nyama. Acha muviringo kidogo."

"Shefu, muviringo iko ya kisu yenye kulala. Pengine macho yako imechoka."

Akacheka hadi akakohoa. "Macho yangu imechoka, ndiyo. Na kwenu kule, chuma inafungaka nini? Ngombe?"

"Ngombe tunafunga na kamba, shefu. Chuma tunaachia bantu beko na mukono."

"Basi sikia, mwenye mukono. Chuma haina macho. Haioni bumaridadi yako. Inasikia tu mahali inaumia."

Nilidhani ananionea wivu. Furaha, alikuwa amenipa elimu yote ya kazi hii katika maneno machache, bila malipo, nami nikayageuza kuwa mzaha.

Acha nikuonyeshe alichokuwa akisema. Chukua chuma kinachovutwa kwa uzito. Mkazo ulio ndani yake haukiulizi kimetoka wapi, ni cha bei gani, kigumu au laini. Unauliza mambo mawili tu: uzito ni kiasi gani, na nafasi ya kuupitisha ni kubwa kiasi gani. Vyuma vyangu vilikuwa na kipenyo cha milimita thelathini, vinene, vya kutuliza macho ya tajiri. Lakini nati nilizokuwa nazo zilikuwa za ishirini. Kwa hiyo nilizikereza ncha zote hadi ishirini ili nichonge hesi. Unaona kama umepunguza theluthi moja. Piga hesabu ya eneo, kama nilivyokufundisha: limebaki chini ya nusu. Uzito uleule sasa unapita katika nafasi isiyofika nusu, na mkazo umezidi mara mbili. Unene wa katikati haukumsaidia mtu yeyote. Ulikuwa wa kutazamwa.

Halafu ndiyo ile kona. Kumbuka Pasaka pale parokiani, watu wanapotoka wote pamoja kwenye ule mlango mwembamba. Anayetembea katikati anapita. Anayeumia ni yule anayetembea kando ya ukuta, kwa sababu ukuta unaisha ghafla na wote wa upande wake wanageukia palepale alipo yeye. Ndivyo mkazo unavyopita ndani ya chuma. Bega likiwa mviringo, unageuka polepole na hakuna anayebanwa. Likiwa kali, wote unajazana kwenye mstari mmoja mwembamba kama unywele, chini ya kona. Hapo unakuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule ulioukadiria kwenye karatasi. Uzuri wa kona yangu ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Bado nilikuwa na kosa la pili. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, si haba, kuhusu wembamba wa ncha. Nikautibu kwa nguvu. Badala ya chuma cha kawaida nilitafuta ekseli za malori yaliyokufa, chuma kigumu ambacho kisu kililia kukikata. Nilijiambia: kikiwa na nguvu maradufu, kona itanidhuru nini? Mzee Kasongo alikiokota kipande, akakigonga kwenye benchi na kukisikiliza.

"Chuma lainilaini inajivutaka kwanza," akasema. "Inarefuka, unaona, unakimbia. Hii yako itakunyamazia mpaka siku yake."

Alinena kweli. Chuma laini kikibanwa kupita kiasi kwenye kona, hukubali, hulegea kidogo, huwagawia jirani mzigo. Kigumu hakigawi. Kinabeba, kinabeba, na ndani ya kona ufa unaanza, mdogo kuliko mkwaruzo wa sindano. Kila gunia likipandishwa ufa unafunguka, likishushwa unafunga, na kila mara unaenda mbele hatua ambayo hakuna jicho linaloiona.

Katika depo ya Bel-Air alikuwako mpakizi mmoja, Tito, kijana wa hukohuko Kasungami, ambako wazazi wake walilima. Mke wake ni Mama Chantal. Ndiyo, Mama Chantal yuleyule tunayenunua kwake mboga ya lengalenga. Siku moja, wewe hujaanza hata kutembea vizuri, Tito alinisimamisha njiani.

"Papa Furaha, kuko kintu inasema kule juu. Tik. Kisha inanyamaza."

"Iko mbao inakauka, Tito. Ogopa panya, usiogope chuma yangu."

"Panya minakulaka, Papa Furaha. Chuma yako njo haina nyama."

Tulicheka wote wawili. Sikwenda kutazama. Ilikuwa mwendo wa dakika tano.

Haikupita wiki mbili. Waliniita asubuhi, nikakuta dari imeinama upande mmoja na unga umejaa hewani kama ukungu wa Juni. Tito alikuwa chini ya magunia. Kabla hawajamwondoa, tajiri Muhindo alikuwa amekwisha sema, mbele ya wote: "Tito mwenyewe njo alipakia kupita. Nilimukataza." Hakuna aliyemkatalia. Alinishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwetu, kwamba mtu wa nyumbani hatupwi. Tito hakuwa mtu wa nyumbani. Nami, niliyepoteza nyumbani, nilipoambiwa kwamba bado ninapo, nilinyamaza.

Niliomba kipande kilichokatika. Nilikileta hapa, juu ya benchi hii ninayoandikia, nikakipangusa kwa petroli. Uso wa mkato ulikuwa wa namna mbili. Sehemu ndogo ilikuwa na chembe zinazong'aa kama chumvi mpya: hiyo ndiyo iliyokatika asubuhi ile. Sehemu iliyobaki, kubwa, ilikuwa laini, imekwisha kuwa nyeusi, na mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, ikianzia kwenye kona yangu. Kila mstari ni siku ambazo ufa ulitembea. Siku aliyoniambia "tik" imo humo, ningeweza kuweka kidole juu yake. Magunia ya Tito hayakuwa mengi kupita kiasi. Kilichobaki kuyabeba kilikuwa kidogo.

Basi nilijua kwamba vinne vya Kipushi navyo ni vilevile. Nilikwenda. Nilisimama mlangoni mwa depo ile, nikatazama juu, na nilichokiona kilinipa ruhusa ya kuwa mwoga: magodoro ya sponji, yamepangwa hadi paa, mazito kama hewa. Nikajiambia, kwa mzigo huu havitakatika hata nikifa. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa hatari: ukweli uliotegemea magodoro. Sikumwambia mtu. Nilinunua mkate kwa ajili ya mama yako, nikarudi nyumbani.

Tangu hapo sijatengeneza kitu cha kuning'iniza. Milango, madirisha, vitanda. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini ninapiga tupa kona za dirisha, dirisha ambalo halibebi kitu. Nikasema ni ili watoto wasijikate. Na siku ile nilipokupiga, ulikuwa na miaka kumi na tatu, kwa kucheza na wenzako chini ya dari ya depo ya jirani. Ulilia ukisema hukufanya kosa. Hukufanya. Ninajua umeiweka siku ile mahali fulani moyoni, kwa sababu tangu hapo unanisalimu ukiwa umesimama mbali kidogo. Nilikuwa mgumu kwako kama chuma kile, nikidhani ugumu ni ulinzi. Hilo sijui namna ya kulitengeneza. Ninaliandika tu.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka kuonyeshwa kazi, umejaa maneno.

"Papa, iko muzuri kabisa! Biro yangu, meza ya kuandikia, iko chini ya ile dari ya mbao. Hapana jua, hapana vumbi. Na funguo zote za depo, kuanzia siku ya kwanza, njo mimi."

Nikakuuliza, nikitazama sahani, juu ya dari banaweka nini siku hizi. Magodoro?

"Magodoro balihamisha zamani. Sasa iko sima. Kamio mbili kila juma, banapandisha, banashusha. Papa, juu ya nini haukule?"

Sima, Furaha, saruji, malori mawili mazima. Inapanda na kushuka kila wiki, juu ya kona zile, na wewe umekaa chini unaandika.

Kesho yake nilimpigia simu Muhindo mdogo. Nilimwambia yote, hata habari za kaka yake, Mungu amrehemu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa upole, kama mtu anayecheka na babu yake.

"Muzee, ile dari inasimama tangu mutoto yako alizaliwa."

"Njo ile inaniogopesha."

"Na sima yote ile nitaiweka wapi? Mu chumba yangu ya kulala? Acha, Muzee. Utaniogopeshea bantu ya kazi."

Nilimpigia tena mara mbili. Sasa hapokei.

Kwa hiyo ninakuja kwako, na ninaona aibu kwa ninachokuomba, kwa sababu ni kile ambacho mimi, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, sikuweza kukifanya. Kesho funguo zitakuwa zako. Ninaomba kitu chako cha kwanza kazini kiwe kufunga depo. Usimruhusu mpakizi kupanda, wala mteja kuingia, wala meza yako kukaliwa, hadi sima ishuke na vyuma vile vitoke. Tajiri atapiga kelele. Huenda kufikia jioni huna kazi, na mama yako atavikunjua vitambaa vile kwa mara nyingine. Sitakudanganya kwamba hilo ni dogo. Uliitafuta kazi hii miaka miwili.

Zile kelele za mashine ulizosikia wiki nzima, ukamwambia mama yako kwa siri kwamba ninakutengenezea kitanda, hazikuwa za kitanda. Vyuma vinne vipya viko ndani ya gunia nyuma ya mlango. Ni chuma cha kawaida, laini, cha kujivuta kabla ya kukatika. Nati ni za ishirini na saba. Nilizitafuta siku tatu mjini. Na mabega yake ni mviringo. Laza penseli yako ndani ya kona: inapaswa kukaa kama mtoto mgongoni, bila mwanga kupita chini yake. Mwanga ukipita, kikatae. Mkono wangu si ule wa zamani, kwa hiyo usinihurumie.

Nitapanda gari pamoja nawe kesho. Nimekwisha mwambia mama yako kwamba ninakusindikiza, na amefurahi, maskini.

Ukifika, usiende chini ya dari. Simama mlangoni, elekeza tochi kwenye ncha ya chini ya kila chuma, chini kidogo ya nati. Mafundi wote tulikuwa na desturi ya kugonga herufi zetu kwenye kazi iliyokwisha, na utaona herufi pale. Si ya jina langu. Wiki ile nilipovimaliza ulikuwa na siku tatu duniani, nami nilirudi atelie nikiwa kama mlevi, nikaiacha chapa yangu na kuazima nyingine ya Mzee Kasongo. Vyote vinane niliviandika F. Miaka yako yote, herufi yako imekuwa ikining'inia juu ya vichwa vya watu, na mara moja ilimwangukia mmoja wao.

Hivi vipya sikuvigonga kitu. Chapa na nyundo nimeziweka guniani humohumo. Ukivipima na kuvikubali, gonga wewe.

Ni saa kumi na moja na nusu. Mama Chantal hufunga meza yake saa kumi na mbili. Miaka yote hii amekuwa akiniuzia mboga huku akiamini kwamba mumewe alijiua kwa tamaa ya kupanga magunia mengi. Kile kipande kiko mfukoni mwangu. Nitamwonyesha upande mweusi na upande mweupe, na nitamwambia magunia ya Tito yalikuwa sawasawa. Baada ya hapo afanye anavyoona. Akitaka kuniita mbele ya wakubwa wa mtaa, nitakwenda nikirudi kutoka Kipushi.

Jambo la mwisho ndilo ninalotaka uamke nalo. Kabla ya kushusha sima ni lazima miti minne ya kuegemeza isimamishwe chini ya dari, na mtu lazima aingie humo kuisimamisha. Atakuwa mimi, peke yangu. Wewe utakaa mlangoni na funguo mkononi, na hata ukisikia nini, hata nikikuita kwa jina, hutavuka.

Baba yako